Usiulize Kama "Kuna" Usalama Ruiru

Kila Septemba, vyuo vinapofungua milango kwa wanafunzi wapya, swali moja hurejea katika ukanda huu wa Thika na Ruiru kama mvua za vuli: Je, huko kuna usalama? Huliuliza mzazi wa Busia anayemleta bintiye chuoni kwa mara ya kwanza. Huliuliza mwalimu aliyepokea barua ya uhamisho akiwa Kwale. Huliuliza kijana wa Juba au wa Bukavu aliyekwisha kulipa karo na sasa anatafuta chumba, na huliuliza pia mhandisi wa kigeni ambaye kampuni yake imemkodishia nyumba nyuma ya ukuta wenye nyaya za umeme. Nimelisikia swali hili mara nyingi hata nimeanza kulitazama kwa jicho la kazi yangu, ambayo ni kuchambua lugha, na nimeridhika kwamba lina kasoro. Kasoro yenyewe ni ya sarufi, nayo si ndogo kama inavyodhaniwa.

Walimu wenzangu wanaofundisha Kiswahili katika shule za upili wanaijua vyema ngeli ya mahali. "Pana" hutaja mahali mahususi, panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. "Kuna" hutaja mahali kwa jumla, kusiko na mipaka dhahiri. "Mna" hutaja ndani. Katika mazungumzo ya kila siku wengi wetu tumeiacha tofauti hii ife, tukalitumia "kuna" kwa yote matatu, na sina ugomvi na hilo, kwani mabadiliko ya lugha ndiyo riziki yangu. Hata hivyo, pale mtu anapotaka kujua kama binti yake atafika chumbani salama saa mbili za usiku, tofauti iliyopuuzwa hurudi kudai haki yake. "Kuna usalama Ruiru?" ni swali lisilo na jibu. "Pana usalama kwenye kivuko hiki, saa hii?" lina jibu, na aghalabu yupo mtu hapo karibu anayelijua.

Maana Ruiru ni ipi? Sensa ya 2009 ilihesabu watu wapatao 240,000 katika mji huo. Miaka kumi baadaye sensa ya 2019 ilihesabu watu wapatao 490,000. Mji uliojiongeza mara dufu kwa muda wa mtoto kufika darasa la tano hauwezi kuwa mji mmoja. Kuna Membley yenye nyumba za watu wa mishahara, kuna Kimbo na Kihunguro zenye magorofa ya vyumba vya kupanga yaliyobanana, kuna Kamakis kando ya barabara ya pembeni ya mashariki ambako watu hufuata nyama choma usiku kucha, kuna upande wa Githurai ambao ni soko tangu alfajiri, na kuna Tatu City yenye malango na walinzi wake. Thika nayo ndiyo hivyo: Section 9 si Makongeni, Ngoingwa si Kiandutu, na Kiganjo ya mchana si Kiganjo ya usiku. Barabara kuu ya Thika, ile ya kilomita 50 hivi iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, iliviunganisha vijiji hivi na Nairobi haraka kuliko ilivyoviunganisha vyenyewe kwa vyenyewe. Mtu anaweza kuishi Juja miaka minne, akamaliza shahada, na asijue jina la njia inayopita nyuma ya ploti yake.

Si sisi peke yetu tunaouliza kwa "kuna". Tangu 2018 serikali ya Marekani imekuwa ikiyapanga mataifa ya dunia katika ngazi nne za tahadhari, na msafiri wa haraka husoma tarakimu moja ya nchi nzima akaliacha fungu la maelezo lililo chini yake. Mstaafu wa Kanada anayetaka kuhamia Jamaika au Trinidad, visiwa vya bahari ya Karibi vyenye sifa ya mauaji mengi, huisoma tarakimu ya kisiwa kizima kama vile kisiwa ni chumba. Lakini Januari 2018 serikali ya Jamaika yenyewe ilipotangaza hali ya hatari kwa sababu ya magenge, haikuitangaza kisiwani kote; iliitangaza St James, ulipo mji wa Montego Bay. Wenyeji walijua kusema "pana". Ni wageni waliobaki na "kuna" yao, wengine wakafunga safari zao, wengine wakaenda wakitembea popote kwa kuwa tarakimu iliwaambia mambo si mabaya sana.

Jibu letu la kawaida nalo halina nafuu. Mgeni akiuliza, mwenyeji humjibu: "Kuko salama, ila uwe makini tu." Umakini wa nini? Mtu hawezi kuwa makini juu ya kila kitu saa ishirini na nne. Akijaribu, atachoka katika juma la pili, na atakuwa amechoka siku ile ile anayohitaji kuwa macho. Vyuo vyetu hubandika matangazo ya namna hiyo hiyo ubaoni: wanafunzi waepuke sehemu hatari, wasitembee usiku. Sehemu hatari hazitajwi. Na mwanafunzi ambaye kipindi chake cha mwisho kinaisha saa moja na nusu jioni, kwa ratiba iliyopangwa na chuo hicho hicho, anaambiwa asitembee usiku!

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza zoezi la kueleza njia, kutoka lango la chuo hadi wanapolala, ili wajizoeze kutumia vionyeshi na viambishi vya mahali. Zoezi lilikuwa la sarufi, likageuka kuwa jambo jingine. Vijana wale, bila kuombwa, walieleza hatari. Waliandika juu ya kivuko cha juu ya barabara ambacho taa zake zimezimika na ambapo mtu hunyang'anywa simu akiwa katikati, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Waliandika juu ya dirisha la matatu linaloachwa wazi gari likiwa limesimama kwenye msongamano. Waliandika juu ya kichochoro kati ya kuta mbili ndefu za mitaa ya matajiri, kisicho na mlango hata mmoja wa kukimbilia. Hili la mwisho lilinikaa moyoni. Ukuta uliojengwa kumlinda aliye ndani ndio umetengeneza pahali pa kumvizia aliye nje.

Waliandika pia kwa msamiati ambao haumo katika kamusi zangu za zamani, au umo kwa maana nyingine. "Ngeta" ni kukabwa koo kwa mkono kutoka nyuma hadi mtu azimie, huku mwenzake mkabaji akipekua mifuko. "Mchele" ni dawa ya kulevya inayotiwa katika kinywaji cha mtu kilabuni ili aibiwe akiwa amelala. Mwanafunzi mmoja wa Bukavu, ambaye Kiswahili ni lugha yake tangu utotoni, alisikia wenzake wakisema jamaa fulani aliwekewa mchele, akauliza kama alishiba. Darasa lilicheka, naye alicheka. Lakini tazama jambo lilivyo: kijana yule alikuwa na Kiswahili chote anachohitaji kusoma riwaya na kuandika insha, na hakuwa na neno moja ambalo lingemwokoa Ijumaa usiku. Msamiati wa uhalifu ni ramani. Mwenyeji huupata bila kufundishwa. Mgeni huupata baada ya kuibiwa.

Na wizi unaompata mgeni mara nyingi hauna hata kisu. Ni wa maneno matupu. Mwanafunzi anaona tangazo la chumba kizuri karibu na chuo, bei nafuu, picha safi. Anapiga simu, anajibiwa kwa adabu na mtu anayejiita msimamizi wa ploti. Anaambiwa kwamba kuna wengine watatu wanaokitaka chumba, atume amana kwa M-Pesa leo ili ahifadhiwe. Anatuma. Akifika na godoro lake kichwani, anakuta chumba kina mwenyewe, au ploti yenyewe haipo, na namba imezimwa. Ulaghai huu unategemea jambo moja tu: kwamba aliye mbali hana wa kumwuliza. Mwenye kioski iliyo mbele ya jengo angemwambia kwa sekunde kumi kama chumba kipo na msimamizi ni nani. Ndiyo maana nawashauri wazazi wanaonipigia simu: msitume senti hata moja kabla mtoto hajasimama mbele ya mlango wenyewe, ameshika ufunguo, na amemsalimu jirani wa kushoto na wa kulia.

Hili la jirani lina kisa chake. Neno "jirani" tumelipata kutoka Kiarabu, na katika Kiarabu ni wingi. Jirani mmoja huitwa "jar". Sisi tuliuchukua wingi tukaufanya umoja. Sijui neno jingine lililokosewa kwa busara kama hili, maana jirani mmoja hamlindi mtu. Wanaomlinda mtu ni majirani wanaojuana wao kwa wao pia. Mgeni anayemfahamu mlinzi wa lango peke yake hana majirani. Ana mlinzi, ambaye hulipwa kidogo, hubadilishwa na kampuni kila baada ya miezi kadhaa, na anaweza asijue kama yule anayetoka na televisheni begani ni mwenyewe au ni mwizi. Na ulinzi unaonunuliwa una historia isiyopendeza katika ukanda huu. Kundi la Mungiki, lililopigwa marufuku mwaka 2002, liliwatoza wenye matatu na wafanyabiashara fedha kwa jina hilo hilo la ulinzi, na aliyekataa kulipa alikiona cha mtema kuni.

Wageni kuhamia Thika, hata hivyo, si jambo la jana. Hoteli ya Blue Post, penye maporomoko ya Chania na Thika, ilijengwa mwaka 1908, na reli ilifika Thika mwaka 1913. Mwaka huo huo wa 1913 wazazi wa mwandishi Elspeth Huxley walimleta akiwa mtoto, naye mwaka 1959 akachapisha kitabu kilichoitangaza Thika duniani kwa miti yake ya maua mekundu. Walowezi wale hawakuwa na haja ya kuuliza maswali yetu. Walikuja na sheria, bunduki na hati za ardhi upande wao, na mwenyeji ndiye aliyetembea na kipande shingoni. Mgeni wa siku hizi, awe wa Juba au wa Kwale, hana chochote cha hayo. Ana simu, kitambulisho au pasipoti, na ulimi wake.

Lugha zetu zinamwita mtu huyu kwa jina lile lile tunalomwitia aliyealikwa kula. Mgeni wa Kiswahili ni mũgeni wa Kigĩkũyũ, na ni jina moja kwa aliyekuja kutusalimu na kwa asiyejulikana aliyesimama mlangoni. Kilatini cha kale kilipasuka hapa: kutoka shina moja kikapata neno la mgeni anayekaribishwa na neno la adui. Sisi hatukupasuka katika msamiati, ila nahofia tunapasuka katika ujenzi. Kila mtaa mpya unaochomoza baina ya Ruiru na Thika unaanza na ukuta, kisha lango, kisha daftari la wageni ambamo mtu huandika jina na namba ya simu pasipo yeyote kuyasoma.

Nitaambiwa kwamba serikali ililiona hili, ikaleta mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013. Ni kweli, uliletwa, na jina lenyewe limetoka Tanzania, ambako TANU ilianza kuupanga umma katika nyumba kumi kumi miaka ya sitini. Lakini tulipoazima jina tuliacha neno la thamani zaidi mpakani. Kule, kiongozi wa nyumba kumi huitwa balozi. Neno hilo ndilo tunalomwitia anayewakilisha taifa lake ugenini! Maana yake ni kwamba mtu akihamia mtaani humwendea balozi, akajitambulisha, akaambiwa wapi pa kuteka maji na wapi pa kuepuka. Mfumo ule ulikuwa pia chombo cha chama cha kuchunguza watu, sitaki kuupamba. Hata hivyo, neno "balozi" lilikiri kwamba kila anayehamia ni mgeni anayestahili mtu wa kumpokea. Huku kwetu Nyumba Kumi ilikuja baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, ikasikika masikioni mwa wengi kama amri ya kumripoti jirani. Mwanafunzi wa kigeni akisikia hivyo atajifungia chumbani, na huko kujifungia ndiko kunakomfanya awe windo.

Kuhusu chumba chenyewe, hapo ndipo "mna" inapokuja na uzito wake. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya wanawake na wanaume waliandamana Nairobi na katika miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake, baada ya mfululizo wa visa vilivyotokea mwezi huo, baadhi yake ndani ya nyumba za kukodi za muda mfupi. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba duniani kote mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 85,000 waliuawa kwa makusudi, na kati yao 51,100 waliuawa na wapenzi, waume au jamaa zao. Mzazi wa Busia anayeniuliza kama njia ina taa, naye ana haki ya kuuliza, ajue kwamba sehemu kubwa ya hatari inayowakabili wasichana hubisha hodi kwa jina. Lango la chuma humfungulia mtu huyo kwa heshima. Anayeweza kumsaidia binti ni aliye chumba cha pili, anayeijua sauti yake ya kawaida na kwa hiyo anaijua isiyo ya kawaida.

Hofu isiyo na mahali nayo huua. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Siku kumi baadaye, alfajiri ya tarehe 12, hitilafu ya umeme ilitoa mlipuko katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi, hapa hapa Kiambu. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakaruka madirishani na kukanyagana. Mmoja alikufa na zaidi ya mia moja wakajeruhiwa. Siwalaumu hata kidogo. Vyuo vilijibu misiba hiyo kwa kuongeza kuta, malango na vifaa vya kukagulia mabegi. Lakini wengi wa wanafunzi wa Thika, Juja na Ruiru hawalali ndani ya kuta hizo. Wanalala katika vyumba vya kupanga, na chuo huhesabu wajibu wake kuwa umekoma pale kizuizi cha lango kinapoinuliwa.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na halihitaji fedha. Kila chuo katika ukanda huu kichapishe, kila muhula, orodha ya matukio yaliyowapata wanafunzi wake nje ya lango: mahali gani, saa ngapi, namna gani ya uhalifu. Majina yasiwemo. Habari zipo tayari katika madaftari ya ofisi za ulinzi za vyuo na vinywani mwa wawakilishi wa madarasa. Kinachokosekana ni kuziandika na kuzibandika. Chini ya orodha paandikwe namba za dharura za polisi, yaani 999 na 112, pamoja na maelezo kwamba kuandikisha tukio kituoni hakulipiwi, na kwamba mtu asiondoke kituoni bila namba ya OB. Nayo iandikwe kwa Kiswahili, kwa sababu hiyo ndiyo lugha ambayo msichana wa Busia, kijana wa Bukavu na mwenye kioski wanaweza kuisoma pamoja.

Wakubwa wawili watapinga. Wa kwanza ni chuo chenyewe, kitakachosema jina lake litaharibika na wenye ploti watakosa wapangaji. Sioni haja ya kumjibu kwa kirefu. Jina linaloharibiwa na ukweli kuhusu taa iliyozimika linaweza kutengenezwa na fundi wa umeme.

Wa pili ana hoja nzito, nami nimeifikiria sana. Atasema kwamba orodha ya namna hii itawapaka matope watu wa mitaa maskini, kwamba Kiandutu itaandikwa kila muhula na mkazi wake atanyimwa kazi mjini kwa sababu ya anwani. Hatari hiyo ipo, tena wakazi wa mitaa hiyo ndio wanaoibiwa kwanza na kusaidiwa mwisho. Lakini angalia ni sarufi gani inayowapaka matope. Anayesema "Kiandutu kuna wezi" amewahukumu maelfu. Anayesema "kwenye daraja la miguu, upande wa ngazi, kati ya saa moja na saa tatu usiku, pana wanyang'anyi wa simu" hajamhukumu mkazi yeyote. Amemsaidia mkazi na mgeni kwa pamoja, na amemwonyesha askari pa kusimama. Orodha isitaje mtaa. Itaje njia, kona, ngazi, kituo, na saa. Na kila tukio lifutwe pale chanzo chake kinapoondolewa, ili karatasi isigeuke kuwa laana ya kudumu.

Askari nao itawafaa. Afisa anayehamishiwa Ruiru kutoka Lodwar ni mgeni kama mwanafunzi, na hana mtu wa kumweleza vichochoro. Juni 2024 polisi wetu walipelekwa Haiti, nchi iliyoko katika kisiwa cha Karibi, wakapambane na magenge katika mji ambao watu wake husema Kikrioli na Kifaransa. Walimu wa lugha tulijiuliza wakati ule jinsi askari atakavyomwuliza mama wa sokoni ni kona ipi yenye hatari. Ni swali halali kwa Port-au-Prince, nalo ni halali kwa Kihunguro, ambako lugha ipo lakini hakuna aliyeuliza.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa pili wameanza muhula huu bila kungoja kibali. Wameandika njia moja tu, ile ya kutoka langoni hadi kituo cha matatu. Orodha yao ina mistari 11 kwa mwandiko wa mkono, na imebandikwa kwenye ukuta wa kioski ambapo wengi hununua maandazi asubuhi. Mwenye kioski aliongeza wa 12 yeye mwenyewe, kwa kalamu nyekundu. Juma lililopita mstari wa nne ulikatwa, kwa kuwa taa iliyotajwa hapo imewashwa.